Nani Amemshika Mama?

Kila mtu wa Nairobi mwenye simu amewahi kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Jina la kundi linaanza na "Matibabu ya" na kumalizikia na jina la mtoto usiyemjua. Picha ya kundi ni mtoto huyo, mrija puani, macho mazito. Ujumbe wa kwanza una nambari ya paybill, wa pili unamtaja mwekahazina, na kuanzia wa tatu watu wanabandika jumbe za M-Pesa kuonyesha walichotuma. Soo mbili. Soo tano. Kuna mjomba mmoja, hakosi, anayetuma elfu kumi na kundi zima linamjazia emoji za mikono. Wiki mbili baadaye kimya kinaingia. Watu wanaanza kutoka mmoja mmoja, usiku wa manane, wakidhani hakuna anayeona.

Sina ugomvi na makundi haya. Nimechangia mengi, na ukoo wetu umechangiwa. Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963 hakuvumbua jambo jipya. Watu walikuwa wakijengeana nyumba na kulimiana mashamba tangu zamani, kila jamii kwa jina lake. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 ilituondolea tu hema, viti vya kukodi na ile hotuba ndefu ya mgeni wa heshima. Kuchanga sasa ni dakika moja, hata ukiwa umebanwa ndani ya matatu Thika Road.

Lakini kuna swali ambalo limenikaa kichwani. Ni mama gani hana kundi? Mama aliye na simu kabambe, aliyeolewa mbali na kwao, ambaye kanisa lake ni la watu ishirini na wote ni vibarua kama yeye, huyo hana. Mama ambaye ugonjwa wa mtoto wake haupigiki picha naye pia hana kitu, kwa sababu figo haionekani na kidonda cha moto kinaonekana. Kwa hiyo tumejenga utaratibu ambapo mtoto husaidiwa kulingana na idadi ya watu ambao mamake anawajua, na jinsi uso wake unavyoumiza kutazamwa. Ukiliweka jambo hilo mezani hivyo, hakuna mtu atasema ni haki. Ila ndivyo mambo yalivyo.

Na hata mwenye kundi, pesa ile huenda kwa bili. Anayelala sakafuni kando ya kitanda hayumo kwenye bajeti.

Niliyaona haya kwa karibu mwaka juzi, mtoto wa dada yangu alipolazwa wiki saba katika hospitali moja ya rufaa. Mtoto alipona, niseme mapema usije ukasoma na wasiwasi. Sisi tulikuwa na bahati: tuko wanne jijini, tukapangana zamu, mmoja analeta chakula, mwingine anafua, mwingine anakaa na mtoto jioni ili dada aende akaoge nyumbani. Katika wodi ile nzima, familia kama yetu zilikuwa chache. Mama wa kitanda cha nane alikuwa ametoka Busia na hapa mjini hakuwa na mtu. Wodini huwa hamna majina. Wewe ni mama wa kitanda fulani, ama mama wa mtoto fulani. Huyu alikuja na nguo alizovaa na leso mbili. Moja alitandika, nyingine alijifunika. Chakula cha hospitali kilikuja kwa hesabu ya wagonjwa, na yeye si mgonjwa, basi alikula kile mtoto alichobakisha. Mtoto akipata hamu ya kula, mama analala njaa. Hebu kaa na hilo kidogo. Unamwomba Mungu mtoto ale, na siku Mungu akisikia, wewe huli.

Kuchaji simu kwenye kibanda cha nje ilikuwa mbao. Maji moto ya kumwogesha mtoto, mbao nyingine. Na huko nje hawezi kukaa, kwa sababu daktari anaweza kupita wakati wowote, na akipita usipokuwepo umekosa maelezo ya siku nzima.

Kisha kuna kazi. Ukitazama kutoka mbali unadhani mama wa wodini amekaa tu. Ni yeye hupeleka sampuli ya damu maabara na kurudia majibu. Ni yeye hutumwa duka la dawa nje ya geti kununua kile ambacho siku hiyo hakipo. Anaangalia dripu isiishe, anamgeuza mtoto, anampima joto kwa kiganja, na saa tisa usiku ni yeye anayeenda kumwita sista. Wauguzi ni wachache na watoto ni wengi. Bila akina mama wodi ile isingefika asubuhi salama. Baba wengi huwaoni kwa sababu wodi ya watoto usiku huwa ya akina mama, na kwa sababu lazima mtu mmoja abaki kwa mjengo atafute kodi ya nyumba. Wengine, bila shaka, wamehepa. Hiyo ni insha nyingine.

Mtu akisoma falsafa ya maadili chuoni, hakosi kukutana na mfano wa Peter Singer, alioutoa kwenye makala yake ya mwaka 1972. Unapita kando ya kidimbwi, unaona mtoto mdogo anazama. Ukiingia utachafua nguo. Je, uingie? Kila mtu anasema ndiyo, na hapo hapo Singer anakubana. Kama nguo si kitu mbele ya uhai wa mtoto, kwa nini umbali uwe kitu? Yeye alikuwa akiwafikiria wakimbizi wa Bengal waliokuwa wakifa njaa wakati huo. Ni hoja kali, nami bado sijaona mtu aliyeijibu nikaridhika.

Kinachonisumbua ni kwamba kwenye kidimbwi kile hakuna mama. Kuna mtoto, kuna maji, kuna mpita njia mwenye viatu safi. Unaingia, unamtoa, unaenda zako. Watoto wanaozama kwetu hawazami peke yao. Mama yuko ndani ya maji tayari, amemwinua mtoto juu ya kichwa chake, na amesimama hivyo kwa wiki ya sita sasa. Ukifika ukingoni ukamtazama mtoto tu, utasema, ah, huyu hajambo, pua iko juu ya maji. Na utakuwa umesema kweli, mpaka miguu ya mama itakapochoka.

Udaktari wenyewe ulichelewa kumwona. Uingereza ya miaka ya 1950, wodi nyingi za watoto ziliwafungia wazazi nje na kuwapa saa chache tu za kutembelea, ati wakija watoto wanalia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akiwa hospitalini bila mamake, kamera ikimfuata tu anavyonyong'onyea siku baada ya siku. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuja wakati wowote, na mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala nao. Huko Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kuwatia joto watoto njiti, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo mtindo huo wa kangaruu uko kwenye hospitali zetu, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri uanze mara tu mtoto njiti anapozaliwa, bila kungoja kwanza atulizwe kwenye mashine. Maana yake ni kwamba kifua cha mama kimeingia kwenye orodha ya vifaa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusimama. Mtungi wa oksijeni ukiisha, hujazwa. Mashine ya joto inahitaji stima, na hospitali ikilipa bili ya stima hakuna anayeiita sadaka. Hujawahi kuona mheshimiwa akipigwa picha akiikabidhi wodi stima. Lakini mama, anayefanya kazi ya mashine hiyo saa ishirini na nne, akipewa chai na chapati tunasema amesaidiwa, na tunasubiri ashukuru. Mimi nasema chai ile ni sehemu ya tiba ya mtoto. Ikiwa mtoto ana haki ya dawa, basi ana haki ya mama aliyekula, na sioni mahali ambapo hoja hii inakatika.

Chukua ugonjwa ambao watu wa eneo la Ziwa Victoria wanaujua, uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ni saratani ya watoto. Inakua haraka ajabu, na dawa huiyeyusha haraka vilevile, na hapo ndipo mtego ulipo. Baada ya duru ya kwanza ya kemo uvimbe unaweza kupungua mbele ya macho yako. Mama anaona taya limerudi. Ana watoto wengine watatu ushago ambao wamelala kwa jirani mwezi mzima, mahindi yanaozea shambani, na nauli ya kuja huku ilikuwa ya mkopo. Anaomba ruhusa aende nyumbani kidogo. Siku ya duru ya pili inafika, yeye hafiki. Kisha uvimbe unarudi, na safari hii hauna haraka ya kuondoka.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Sababu ni nyingi: ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na mojawapo inayotajwa kila mara ni wazazi kuacha matibabu katikati. Kuacha. Neno hilo linamlaumu mama bila kumtaja. Mtu aliyekosa nauli hajaacha kitu, ameachwa na gari. Alichohitaji hakiko kwenye duka la dawa: mtu wa kukaa na wale watatu, nauli ya kwenda na kurudi, na mtu mmoja wa kumpigia simu kumkumbusha kwamba ni Jumanne.

Najua utaniuliza, serikali iko wapi? Kwenye chama chetu liliulizwa kwa sauti kali kuliko hiyo. Tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. NHIF iliondoka Oktoba 2024 ikaja SHA. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma ya afya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba hospitali kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba, na bado hadithi za watu kuzuiliwa hazijaisha. Tukianza kununua chai, si tunaifichia serikali aibu yake?

Naiheshimu hoja hiyo, na kuhusu bili naikubali karibu yote. Matibabu makubwa ya mtoto hayafai kulipiwa kwa harambee. Hapo ni kwenda kortini, ni kuandamana, ni kumbana mbunge mpaka ajibu. Lakini kuna mambo ambayo hata serikali nzuri haiwezi kuyafanya vizuri. Bima hulipia kitanda. Hakuna bima itakayoangalia kama kifungua mimba wako aliyebaki ushago amekula, au kama ng'ombe amekamuliwa. Hilo ni la jirani, na lilikuwa la jirani kabla ya serikali kuwepo. Halafu kuna jambo la pili. Ukimnyima mtu chai leo ili serikali ione aibu kesho, umeigeuza njaa yake kuwa bango, na hukumuuliza kama anataka kulibeba.

Chama chetu ni cha watu kumi na wawili, tumetawanyika Umoja, Kasarani, Kahawa West. Tulikuwa tukiweka pesa za kununua shamba, kama chama kingine chochote. Baada ya yale ya dada tukakubaliana kila mmoja aweke kando soo tatu kwa wiki. Hiyo ni elfu tatu na mia sita, na haiwezi kulipa bili ya mtoto hata mmoja, jambo ambalo nadhani lilitufaa, maana ilibidi tufikirie.

Tulikwenda kumwona afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini. Tulikuwa na mawazo mengi: unga, blanketi, maziwa. Akatusikiliza, mama mpole, kisha akauliza, "Mkileta unga, nitaupika wapi?" Yeye ndiye aliyetutuma kwa Shosh.

Shosh ana kibanda nje ya geti la nyuma. Chai, uji, chapati, madondo. Kumbe alikuwa amewalisha akina mama wa wodi ile kwa deni miaka mingi; daftari lake la madeni ni nene kama kitabu cha nyimbo, na kurasa nyingi amezipiga mstari mwenyewe baada ya kusikia mtoto amefariki. Hakuna aliyekuwa amemwita mdau. Hakuna aliyekuwa amemwalika kwenye semina. Alikuwa tu anafanya.

Mpango wenyewe ni mdogo. Kila Jumatatu tunamlipa Shosh mbele. Afisa ana vikadi vya karatasi ngumu vyenye muhuri, na huwapa akina mama anaojua hawapati wageni. Mama anafika kibandani, anatoa kadi, anakula, anaondoka. Shosh hamuulizi kitu. Sisi hatujui majina yao wala hatujui sura zao, na hilo halikutokea kwa bahati. Vijana wa boda wa steji ya pale geti nao walisikia, wakasema mama aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, mwenye mtoto na mizigo, watamfikisha kwenye mabasi ya magharibi kwa nusu bei. Mwenyekiti wao aliandika sheria hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa steji. Sijui kama wote wanaifuata. Wengi wanaifuata.

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu picha. Mmoja wetu ni mhasibu, kazi yake ni kukagua vitabu vya watu, na alitaka ushahidi. Alisema pesa inayoingia mahali bila ushahidi huwa inatokea mahali pengine. Kwa nchi hii, nani atamlaumu? Mwingine akaongeza kwamba tukiwa na picha mbili tatu nzuri tunaweza kuvuta wachangiaji wengine, maana watu hawachangii karatasi, wanachangia uso. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lililonitisha. Tulijadiliana hadi saa tano usiku.

Upande wangu ulikuwa hivi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na watu wakisikia hivyo wanasema, basi tumwombe mama idhini. Lakini ni idhini ya aina gani, ikiwa anayeombwa ana njaa na anayeomba ameshika sahani? Na mtoto je? Ana miaka minne leo. Akifika kidato cha pili, mwenzake darasani atamwonyesha kwenye simu: si huyu ni wewe? Kichwa hakina nywele, mrija puani, na chini yake nambari ya paybill. Alipona, lakini picha haikupona. Kuna watu watasema hiyo ni bei ndogo ya kulipia uhai. Inawezekana. Ila sisi hatukuwa tunanunua uhai, tulikuwa tunanunua chai, na kwa chai bei hiyo ni kubwa mno.

Mwishowe mhasibu mwenyewe alitutoa hapo. Shosh anaweka alama moja kwenye daftari kwa kila kadi, kadi zinarudi kwa afisa Ijumaa, afisa anatia sahihi, mhasibu anahesabu. Hesabu isipolingana tunauliza. Haijawahi kupishana zaidi ya kadi mbili. Wachangiaji wawili tuliokuwa tumewapata nje ya chama walituacha kwa sababu hiyo; walitaka kuona.

Dini zetu zote zinamsifu mtoaji anayejificha. Mimi ningependa tumfikirie pia mpokeaji anayejificha, kwa sababu yeye ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Mwaka 1974 huko Philadelphia, Marekani, daktari wa saratani za watoto Audrey Evans aliungana na timu ya Philadelphia Eagles na wenye migahawa ya McDonald's wa eneo hilo, wakafungua nyumba karibu na hospitali ambamo wazazi wangelala. Iliitwa Ronald McDonald House, kwa jina la klauni wa matangazo ya hambaga, na leo kuna nyumba za jina hilo katika nchi nyingi. Unaweza kucheka. Saratani ya mtoto na tangazo la chipsi chini ya paa moja. Nilicheka. Kisha nikamfikiria mama wa kitanda cha nane akipewa ufunguo wa chumba chenye kitanda na bafu, na nikaona kwamba jina lililo juu ya mlango halimpunguzii chochote. Ni kampuni iliyojianika hapo, yeye hakuanikwa. Kama katika biashara hii ya kusaidiana lazima mtu ajitangaze, basi na ajitangaze anayetoa. Ndiyo, ni majivuno, na ndiyo, pengine inasafisha jina. Bado ni nafuu kuliko kumwomba mtoto alipe kwa uso wake.

Ugomvi wa pili haujaisha. Karibu mwezi wa tano wa mpango, Shosh alituambia kuna mama anamuuzia mwenzake kadi. Finje. Kundi likawaka moto. Mmoja akasema tuandike majina kwenye kadi. Mwingine akasema huyo mama aondolewe, kwa sababu tunachanga watu wale, hatuchangi watu wafanye biashara. Nilimuuliza Shosh kama anajua sababu. Alijua, kama anavyojua kila kitu. Mama huyo ana mtoto mwingine wa miaka mitatu kwao Kitui ambaye hakubali kulala kabla ya kusikia sauti yake, na credo ya jioni ndiyo iliyokuwa inanunuliwa.

Kwangu mimi jibu lilikuwa rahisi upande mmoja. Kadi ikishatoka mkononi mwetu ni yake. Mtu mzima akiamua leo alale njaa ili mtoto wake wa pili apate usingizi, sioni ni kwa mamlaka gani sisi tulioshiba huku Kasarani tungemkataza. Hata bosi wangu haulizi mshahara nimeufanyia nini. Lakini kuna upande wa mama aliyenunua. Yeye alilipa finje kwa kitu ambacho kilikusudiwa kiwe bure, na alilipa kwa sababu kadi hazikutosha kumfikia. Maskini amemlipa maskini mwenzake, na sisi tumekaa katikati tukijiita wafadhili. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Mhasibu, yule yule wa picha, ndiye aliyesema kwamba kabla ya kubadilisha sheria yoyote tungeuliza akina mama wenyewe wanahitaji nini, maana tangu tuanze hakuna aliyewauliza. Afisa aliwauliza mmoja mmoja, bila kuandika majina, na Ijumaa akatuletea majibu yameandikwa nyuma ya kadi za chai. Chai ilikuwa ya tano. Kabla yake kulikuwa na sodo, slipas na credo. La kwanza kabisa, limerudiwa kwenye kadi tisa kwa maneno tofauti tofauti, lilikuwa mtu wa kumwangalia mtoto nusu saa ili mama akaoge.

Hilo haliuzwi kwa Shosh. Afisa amesema hospitali itakubali watu wawili kwa kuanzia, wanawake, wenye barua na kitambulisho, na wasibebe simu wodini. Dada yangu amejiandikisha wa kwanza, na Mama Chama naye amesema yupo. Zamu inaanza Jumanne saa nane mchana.